Nafundisha watoto Biblia, lakini sijui kama bado naamini

*"Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 29, nimelelewa kanisani na nimekuwa mwalimu wa shule ya Jumapili tangu nikiwa kijana. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume aliugua. Tulifunga, tukaomba, tukaambiwa amekwisha kupona kwa imani. Akafariki. Baada ya mazishi mtu mmoja kanisani alisema huenda miongoni mwetu kulikuwa na mwenye shaka. Ni kweli, mimi nilikuwa nayo. Tangu hapo nikiomba nahisi hakuna anayenisikia. Nimesoma Injili upya nikaona habari za ufufuo hazifanani: wanawake wangapi walikwenda kaburini, malaika wangapi. Kibaya zaidi, nikikaribia Meza ya Bwana linanijia tusi juu ya Roho Mtakatifu ambalo siwezi kuliandika hapa. Kila usiku narudia sala ya toba, mara nyingine hadi saa nane, kwa sababu naona sikuisema kwa dhati. Mzee wa kanisa niliyemweleza alisema ni shetani, niombe zaidi. Je, shaka ni dhambi? Nimetenda dhambi isiyosameheka? Niache kufundisha? Na mama nimwambie?"*

Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa kumpoteza mdogo wako. Naanza naye kwa sababu katika barua yako umemtaja kidogo tu, kisha ukahamia kwenye makosa yako, na hukurudi kwake tena. Ulipewa kesi ya kujibu kabla matanga hayajaisha. Hilo limekuumiza kuliko unavyodhani.

Nikikusoma vizuri, yanayokusumbua ni mambo matatu, nawe umeyapa jina moja la shaka. Kuna huzuni ya msiba pamoja na hasira ambayo hujaruhusiwa kuisema. Kuna maswali ya haki kabisa kuhusu Maandiko. Na kuna mawazo yanayokuvamia, pamoja na sala unazozirudia usiku. Hayatoki mahali pamoja na hayatibiwi kwa namna moja. Mzee wako nadhani alikutakia mema, lakini alikupa jibu moja kwa yote matatu, na kwa hilo la mwisho jibu lake linazidisha tatizo.

Shaka kama shaka si dhambi. Najua utaniuliza habari za Yakobo 1:6, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Soma kuanzia mstari uliotangulia, unaomwalika aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu "wala hakemei". Kisha uende hadi sura ya 4, ambako Yakobo anawataja tena wenye nia mbili: hao ni watu wanaotaka urafiki na Mungu na urafiki na dunia kwa wakati mmoja. Anawasema waliogawanya utii wao. Dada anayekesha akiomba na kulia kwa sababu anatamani kuamini hayumo katika kundi hilo.

Mfikirie Yohana Mbatizaji. Alimbatiza Yesu kwa mikono yake, akamtangaza mbele ya umati. Kisha Herode Antipa akamtia gerezani, katika ngome ambayo mwanahistoria Josephus anaitaja kuwa Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Akiwa humo alituma wanafunzi wake waulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Swali hilo si dogo. Ni la mtu anayejiuliza kama kazi yake yote ilikuwa bure. Yesu hakumkemea. Aliwaambia wajumbe wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia: vipofu, viwete, wakoma, viziwi, wafu, maskini. Baada ya wao kuondoka ndipo alipougeukia umati na kusema kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea aliye mkuu kuliko Yohana.

Nataka uone kitu katika jibu lile. Maneno ya Yesu yanafuata unabii wa Isaya, na Isaya 61:1 inawataja pia wafungwa kufunguliwa kwao. Katika ujumbe uliopelekwa gerezani, hilo halikutajwa. Yohana hakutoka mle. Alikatwa kichwa. Kwa hiyo Injili inajua kabisa kwamba mtu anaweza kuwa mpendwa wa Mungu, akauliza kwa uchungu, akajibiwa kwa upole, na bado asipate lile alilolitamani kuliko yote. Anayekufundisha kwamba imani timilifu humaliza kila ugonjwa anapaswa kwanza akueleze gereza lile.

Sasa niseme wazi kuhusu kauli uliyosikia baada ya mazishi. Shaka yako haikumuua mdogo wako. Aliyesema vile alikuonea, hata kama alidhani anatetea imani.

Katika Marko 9 baba anamleta mwanawe kwa Yesu na kukiri mbele ya watu wote, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kijana anapona siku ileile. Katika habari hiyohiyo kwenye Mathayo 17, wanafunzi walioshindwa kumponya wanaambiwa imani yao ni haba, lakini kijana hakuachwa alipe upungufu wao. Nayajua mafungu mengine pia, kama lile la Nazareti katika Marko 6 ambako Yesu alistaajabia kutokuamini kwao; lakini wale walikuwa wamemkataa, na hata huko aliwaponya wagonjwa wachache. Na usisahau upande wa pili. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa. Anamwandikia Timotheo kwamba alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Yesu mwenyewe pale Gethsemane aliomba kikombe kimwondokee. Nani atathubutu kusema kwamba hapo palipungua imani?

Kuna dada mwingine aliyefiwa na kaka yake, Lazaro, naye ni Martha. Maneno yake ya kwanza alipomlaki Yesu nje ya kijiji ni lawama: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu, ndugu yake, anakuja baadaye na kusema maneno yaleyale, na nadhani nyumbani walikuwa wakiambiana hivyo siku zote nne tangu mazishi. Yesu hakuwaambia wasiseme. Alilia machozi. Sitaharakisha kukuonyesha Lazaro akitoka kaburini, kwa sababu wako hakutoka, na si haki kukupa mwisho wa Martha wakati wewe bado uko pale njiani nje ya kijiji. Ninachokuomba ni useme sentensi yake. Mwambie Mungu hasira yako kwa maneno yako mwenyewe, bila kuyapamba. Zaburi ya 88 ni ya mtu aliyefanya hivyo. Inaisha gizani, hakuna shukrani mwishoni, na bado imo katika kitabu cha sala.

Kuhusu ukimya unaouhisi katika maombi, ningependa ujue kwamba msiba huathiri mwili mzima. Usingizi hukatika, hamu ya chakula hupungua, na hisia zote hufa ganzi: furaha, upendo, hata ladha ya wimbo ulioupenda. Hisia ya kuwa karibu na Mungu hupita katika moyo na mwili huohuo, kwa hiyo nayo hufifia. Nabii Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye sana, mlimani Horebu. Na Mama Teresa, mtawa Mkatoliki aliyewahudumia maskini na kufariki mwaka 1997, aliacha barua zilizochapishwa mwaka 2007 zinazoonyesha kwamba kwa miaka mingi sana hakuhisi uwepo wa Mungu katika sala, huku akiendelea na kazi yake. Kutohisi ni jambo moja, kuachwa ni jingine.

Niende kwenye Injili. Umeona sawasawa, na sitakuambia umeona vibaya. Mathayo anataja wanawake wawili, Marko watatu, Luka anataja majina matatu na wengineo, Yohana anamtaja Maria Magdalena peke yake. Malaika ni mmoja kwa Mathayo, kijana mmoja kwa Marko, wawili kwa Luka na Yohana. Baadhi ya tofauti hizi hulainika ukisoma taratibu: katika Yohana 20:2 Maria huyohuyo aliyetajwa peke yake anasema "hatujui" walikomweka, kana kwamba hakwenda peke yake. Nyingine hazilainiki kirahisi, nami sipendi vitabu vinavyozibana kwa nguvu ili ziingiliane. Masimulizi yamebeba alama za watu mbalimbali waliokumbuka na kusimulia, kila mmoja kwa kusudi lake. Kwamba kanisa la mwanzo lilizihifadhi Injili nne bila kuzipatanisha kwa kalamu kunanipa imani zaidi na uaminifu wake.

Tatizo, nadhani, ni kwamba ulifundishwa kuwa jambo moja dogo likitikisika, yote yameanguka. Paulo hakufundisha hivyo. Katika 1 Wakorintho 15 anaonyesha penye uzito: kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Sura hiyo iliandikwa katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, kabla ya Injili kuandikwa kwa maoni ya wataalamu walio wengi, na ndani yake Paulo ananukuu mapokeo aliyoyapokea kwa waliomtangulia, yenye majina ya watu waliomwona Yesu, wengi wao wakiwa bado hai. Ukitaka kuchunguza ukweli wa Ukristo, chimba hapo. Idadi ya malaika ni swali zuri la kujifunza, lakini halistahili kukukosesha usingizi. Wala usichunguze usiku. Tafuta mchana, tafuta mwalimu wa Biblia asiyeogopa maswali, andika maswali yako kwenye daftari, na uchukue moja kwa wiki.

Sasa hilo la tatu, ambalo nataka ulisome kwa makini kuliko mengine.

Naona usiku wako hivi. Unasali sala ya toba. Unajiuliza kama uliisema kwa moyo wote. Unajipima ndani, hukuti hisia ya kutosha, unaisali tena. Unapata utulivu kwa dakika chache. Kisha neno moja linaonekana halikutoka vizuri, unainuka kitandani, unapiga magoti upya. Kila unaporudia, akili yako inajifunza kwamba kulikuwa na hatari ya kweli na kwamba kurudia ndiko kulikokuokoa. Kesho yake inapiga kelele mapema zaidi. Ni kama kidonda kinachowasha: ukikikuna unapata nafuu ya dakika moja, na ndiyo maana hakiponi.

Tusi linalokuvamia nalo lina maelezo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele ziliendelea kulia. Ili kuzuia wazo, akili hulazimika kuchungulia kila mara kama wazo lipo, na kule kuchungulia ndiko kunakoliita. Wazo la namna hii kwa kawaida hushika kile mtu anachokithamini kuliko vyote. Mama mpya anayempenda mtoto wake hujiwa na wazo la kumwangusha. Wewe unamcha Roho Mtakatifu, na ndiyo maana tusi lako linamhusu yeye, tena Mezani, mahali unapoogopa zaidi kukosea.

Wakristo wamelijua jambo hili kwa karne nyingi. Ignatius wa Loyola, aliyekuja kuanzisha shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, aliteswa nalo huko Manresa, Hispania, mwaka 1522. Aliungama dhambi zake za zamani, akaziungama tena, na kila mara akaona kuna kitu hakukisema sawasawa, mpaka akajiwa na mawazo ya kujiua. Alichofanya mwishoni ni kukata shauri asiungame tena mambo ya nyuma. Hapo ndipo alipopata nafuu. Angeshauriwa aombe toba zaidi, angezama.

Kwa hiyo swali lako la dhambi isiyosameheka nalijibu mara moja tu, nawe nakuomba usilirudie kulisoma usiku ili upate utulivu, maana hata hilo litageuka kuwa kukuna. Katika Marko 3, waandishi waliotoka Yerusalemu waliona kazi ya Mungu mbele ya macho yao na wakatangaza kwa kusudi kwamba ni ya mkuu wa pepo. Mstari wa 30 unasema wazi kwamba Yesu aliyanena yale kwa sababu walisema ana pepo mchafu. Ulikuwa msimamo walioutangaza na kuusimamia. Wazo linalomvamia mtu asiyelitaka, anayetetemeka kwa kuliogopa, si jambo hilo. Hujaitenda.

Kuanzia leo usiku, sali sala moja fupi, kwa maneno yaleyale kila siku. Sala ya Bwana inatosha. Sali mara moja, lala. Ile sauti ikisema hukuwa na dhati, usibishane nayo na usijipime. Iache iseme. Itakuwa vigumu sana siku za kwanza, na hofu itapanda kabla ya kushuka. Mezani vilevile: tusi likija, usilisukume, usilitubie, pokea mkate.

Wala usijaribu haya peke yako kwa muda mrefu. Mimi ni mchungaji na mwalimu wa theolojia, siwezi kutambua ugonjwa kwa barua. Lakini mtu anayetumia zaidi ya saa nzima kila siku katika mawazo na vitendo vya kujirudia, hadi kukosa usingizi, anapaswa kumwona daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia, na wewe umefika hapo. Kuna tiba inayosaidia wengi, ambamo mtaalamu humzoeza mtu hatua kwa hatua kulikabili wazo linalomtisha bila kufanya kile kinachomtuliza. Kuna na dawa pia. Mweleze mambo ya sala waziwazi, usione haya. Ukisikia hamu ya kufa, au wazo la kujidhuru, usingoje miadi: mwambie mtu aliye karibu, mwende hospitali siku hiyohiyo. Na ukishauriwa upelekwe kukemewa mapepo, kataa kwa heshima. Hofu yako tayari ni kubwa mno. Kukemewa kutaithibitishia kwamba ilikuwa sahihi.

Kufundisha sasa. Kuna sababu nzuri kwa kila upande. Ukiacha ghafla utazidi kujitenga, na watoto pengine ndio watu pekee kanisani wanaokufurahisha. Ukiendelea kama kawaida utachoka, na kila Jumapili utajiona mnafiki. Ushauri wangu ni upumzike kuongoza darasa kwa miezi michache, kwa sababu umefiwa na hulali, si kwa sababu hufai. Au ugawane darasa na mwalimu mwenzako anayejua hali yako, wewe ubaki na simulizi na nyimbo. Mtoto akikuuliza swali usiloweza kulijibu, una ruhusa kumwambia hata wewe unajiuliza. Usiwatwike tu watoto mzigo wa maswali yako ya usiku. Mathayo 28:17 inasema wanafunzi walipomwona Yesu mlimani walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Kisha akawaagiza wote waende, bila kuwatenga wale.

Siwezi kukuahidi kwamba utarudi kuamini kama ulivyoamini ukiwa na miaka 15. Mimi naamini Kristo amefufuka, na natamani uendelee kulishika hilo nasi. Najua pia watu waliouliza kwa unyofu wakaondoka, na sitawatukana. Nisingependa ubaki kanisani kwa sababu tu unaogopa moto. Usiamue jambo hilo kubwa sasa, ukiwa na msiba mbichi na usingizi wa saa tatu. Na kama mzee yule hakukusikia, tafuta mwingine: Yuda 22 inawaagiza Wakristo wawahurumie walio na shaka, kwa hiyo unachokitafuta ni haki yako.

Kuhusu mama, ndiyo, mwambie, lakini si yote kwa siku moja. Yeye naye aliambiwa mwanawe amepona, kisha akamzika. Inawezekana aliisikia kauli ileile nawe ukadhani aliikubali, kumbe anajilaumu chumbani kwake kama wewe. Mtafute siku ambayo nyumba imetulia, na uanze na habari za mdogo wako: jinsi alivyokuwa, siku zake za mwisho, kile ambacho hamjawahi kukisema. Habari za shaka zako zingoje siku nyingine, atakapokuuliza mwenyewe kwa nini siku hizi taa yako haizimwi.